Wimbo au mchezo wa redio: kipi humzindua mtu?

Machi 2017 rapa wa Tanzania Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo" ulioisema serikali, Basata, baraza la sanaa la taifa, ikaufungia, mara Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Hiyo ndiyo kasi ya wimbo: dakika chache tu, bodaboda anao, kinyozi anao, wakubwa wamekasirika. Lakini ukimuuliza mtu baada ya miezi mitatu, wengi wamebaki na kiitikio.

Mchezo wa redio hauna haraka. "Twende na Wakati" ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, hakusomewa mahubiri. Wasikilizaji walimfuata hadi Ukimwi ukamfika, huku mkewe Tunu akimwacha na kuanzisha biashara yake. Manyanyaso ya ndani ya ndoa, ambayo wimbo huyagusa kwa mstari mmoja na kupita, hapa yalipewa muda wa kutosha. Tena redio husikilizwa na nyumba nzima, mume akiwemo, apende asipende.

Kwa mambo ya nyumbani nachagua mchezo bila kusita. Wimbo nawaachia wenye vyeo, maana hao nusu saa ya kusikiliza hawana.