Tulialika watu waje wapime afya ya kanisa letu, haya ndio niliyoona

Mimi ni katibu wa kanisa moja dogo huku Vihiga, si mbali na Mbale, na kuna wenzangu kadhaa wa makanisa ya jirani wameniuliza kama ile semina ya kujikagua tulifanya mwezi wa tatu inafaa pesa au la, so nimeona niandike mara moja nisirudie rudie. Jina la hiyo timu siwezi kuweka hapa, anayetaka atafute pasta wetu.

Kwanza mjue tulifikaje huko. Kwa macho kanisa letu lilikuwa sawa kabisa. Mabati mapya, spika mbili kubwa, kwaya inaalikwa mpaka Kakamega, sadaka haipungui. Halafu mzee mmoja wetu akalala, tukaenda matanga na yunifomu zetu, na tulipokaa pale kwa hema binti yake akasema baba ameugua miezi minne. Miezi minne! Tulikuwa benchi mbili nzima za washirika na hakuna hata mmoja wetu alikuwa anajua. Pasta alirudi nyumbani bila kula, na wiki hiyo hiyo akaita wazee.

Huduma yenyewe iko hivi. Wanakuja watu wawili kutoka Kisumu, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, sisi tulilipa elfu kumi na nane pamoja na nauli, malazi ni kwa washirika. Wanataka washirika 30, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, kila mmoja anajaza fomu ya maswali na haandiki jina. Fomu zinaingia kwa sanduku la kufuli na wanazisoma wao wenyewe usiku. Hapo kwa sanduku ndio nawapa alama zote. Nyinyi mnajua kwetu, nusu ya kanisa ni wakwe wa nusu ingine. Mama mkwe wangu anakaa benchi ya tatu, sasa mimi nitasimama niseme aje mbele yake kwamba nina mwaka sijaomba na bwana yangu? Haiwezekani, hata heshima yenyewe hairuhusu. Lakini kwa karatasi nilisema. Kuna mzee mmoja nilimwona ameandika pole pole akiwa amefunika na mkono kama mtoto wa shule, akakunja ile fomu mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti, akakaa nayo kwa ngumi muda mrefu kabla aitumbukize.

Maswali yalikuwa ya kuchoma. Mara ya mwisho mtu wa kanisa kukuuliza roho yako iko aje ni lini. Kuna mtu hapa unaweza kumwambia dhambi yako na isifike sokoni. Ukikosa Jumapili tatu nani atakuja kwako. Mimi kwa hilo la mwisho nilikaa na kalamu hewani, mimi katibu, mimi ndio niko na rejista.

Jumamosi wakachora pipa la mbao kwa manila, kila ubao ni kitu kimoja, maombi, ibada, utoaji, mahubiri, upendo kati ya washirika na kadhalika, na kila ubao na urefu wake kulingana na vile tulijaza. Maji yanaishia pale ubao mfupi zaidi unaishia. Wakatuambia hiyo fikra inatoka kwa mambo ya shamba, kwamba yule Mjerumani wa kemia, Justus von Liebig, karne ya 19, alifundisha kuwa mmea hukua kulingana na kile kirutubisho kimepungua zaidi, si kile kimejaa. Hiyo wazee walishika mara moja maana kila mtu hapa anajua shamba likiwa na asidi linataka chokaa, utamwaga mbolea ya DAP mpaka mfuko uishe na mahindi yatakufikia kwa magoti. Sasa sisi ubao wa ibada ulikuwa mrefu, wa utoaji mrefu, na wa upendo ulikuwa mfupi sana. Na mwaka huo tulikuwa tumepanga harambee ya spika zingine. Mweka hazina aliangalia ile manila akatoa miwani akafuta, akavaa tena, hakusema kitu.

Jioni tukasoma barua saba za Ufunuo, sura ya 2 na ya 3, zote kwa mpigo, na hii ndio sehemu ilinigusa kuliko zote. Nimesikia mahubiri ya Laodikia tangu Sunday school, vuguvugu, vuguvugu, lakini sikuwahi kuona kwamba kati ya makanisa saba ni Smirna na Filadelfia peke yake hayakukemewa, na hayo mawili ndio moja lilikuwa maskini na lingine lina nguvu kidogo tu. Efeso wanasifiwa kwa kazi na kwa kuvumilia halafu wanaambiwa wameacha upendo wao wa kwanza. Sardi nao: “una jina la kuwa hai, nawe umekufa.” Huo mstari uliposomwa kulikuwa na kimya mpaka tukasikia mvua ikianza kwa mabati.

Sasa mabaya, na nayasema kwa sababu hii kazi naipenda na nataka waifanye vizuri. Fomu ilikuwa ya Kizungu. Wamama wetu wengine walitafsiriwa haraka haraka na kijana amesimama nyuma yao, sasa siri iko wapi? Mwaka huu fomu ya Kiswahili si kitu cha kuomba, na ya Kilogooli pia ingewezekana. Ya pili, matokeo ya uongozi waliyasoma mbele ya watu wote kabla ya kuketi na pasta. Huyo mtu ndiye aliwaalika, wangempa nusu saa ameketi nayo. Niliona mke wake akiinamisha kichwa na nikaumia.

Na kubwa kuliko hizo, wanauliza wale waliopo kanisani peke yao. Washirika 30 wanaokuja kila Jumapili! Aliyeacha kuja hajazi fomu. Hiyo kasoro iko ndani ya mpango wenyewe, na ilibidi sisi tuimalizie. Wiki iliyofuata mimi na wamama wawili tulifungua rejista tukaandika kwa penseli majina yote ambayo hayajaonekana tangu Krismasi, yakafika 41. Tukagawana vijiji. Mama wa kwanza tulimpata ameketi nje anachambua maharagwe, goti lake limevimba, hawezi zile ngazi za kanisa tangu mwaka juzi. Alitukaribisha, akatuma mtoto majani chai, na tulipomwambia tumekuja kumuuliza hali akasema, “Nilidhani nyinyi mliambiana mimi nimehama kanisa.” Ngazi zenyewe ni tatu. Fundi aliweka mteremko wa simiti kwa siku moja.

Kuna watakaosema hatuhitaji kulipa mtu kwa hili, na wana pointi. Nyanya yangu alikuwa wa kanisa la Marafiki (Quakers), wale wa Kaimosi walioanza huku 1902, na kwao kuna desturi ya mkutano kusomewa maswali ya kujichunguza, mnakaa kimya mnajijibu mbele za Mungu. Ndugu wa ule uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 nao walitembea nuruni, mtu anasimama anataja dhambi yake. Kwa hivyo si kitu kigeni kwetu, tumekiacha tu. Lakini mahali watu ni wakwe na majirani na wanadaiana pesa ya chama, mgeni na sanduku la kufuli walitufungulia mlango ambao sisi tulishindwa.

Chakula kilikuwa juu yetu, muda waliheshimu, risiti walitoa. Nawapa nne kwa tano. Wanarudi mwezi wa tisa kwa fomu ya pili na tumeshawaambia wazi, bila Kiswahili hatujazi, na kati ya wale 30 kumi watatoka kwa ile orodha ya penseli.