Meno ya chuma ya kuvisha viatu: uzoefu wangu kwa mbio za msituni wakati wa theluji

Ninayotumia ni ya aina ya mnyororo: utepe wa mpira unaokumbatia kiatu, na chini yake minyororo iliyoshikilia meno 12 kwa kila mguu, kila jino likiwa na urefu wa kama sentimita moja. Yanavaliwa juu ya kiatu cha kawaida cha mbio za porini. Nayapa nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya theluji yenye unyevu.

Kwenye njia iliyoshindiliwa na wapita njia mpaka ikawa ngumu, au pale maji yaliyoyeyuka mchana yanapoganda usiku, hayana mpinzani. Soli yenye vinundu vya milimita 6 hadi 8 inafaa matope na theluji laini, lakini barafu tupu inahitaji kitu cha kuichoma, na mpira hauchomi.

Shida huanza joto likikaribia sifuri. Theluji yenye unyevu hunata kwenye minyororo, hatua inayofuata huikandamiza, nyingine hujazia, na punde unakimbia juu ya madonge yaliyofunika meno yote. Hapo kifundo cha mguu kinaweza kupinda hata kwenye tambarare. Kugonga mguu kwenye gogo husaidia kwa hatua chache tu. Kupaka mafuta ya silikoni huchelewesha madonge, hakuyazuii. Theluji ya namna hiyo ikiwa nzito na hakuna barafu chini yake, vua, ukimbie na soli yako. Kwenye baridi kali theluji huwa kavu kama unga na tatizo hili karibu halipo.

Kuhusu saizi, usiamini namba ya kiatu peke yake. Viatu vya porini vina soli nene, kwa hiyo jaribu ukiwa na kiatu chenyewe. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua ndogo: mnyororo uliolegea huhamia pembeni unapokatiza mteremko, na meno yanabaki hewani. Ingiza ncha ya kiatu kwanza, vuta kisigino hadi utepe upande juu, halafu hakikisha meno ya mbele yako chini ya unyayo wala hayajachomoza pembeni. Kimbia dakika tano, simama, kaza upya. Utepe ukibana vidole, damu haitembei vizuri na vitapata baridi kabla ya mwili mwingine. Yavae ukiwa bado ndani, maana mpira uliopoa huwa mgumu, na kuuvuta kwa glavu ni kazi.

Mwendo nao hubadilika. Fupisha hatua, tua kwa wayo mzima chini ya kiwiliwili ili meno mengi yaume kwa pamoja; ukitua kwa kisigino unategemea machache ya nyuma. Inua mguu zaidi ya kawaida, la sivyo meno yatanasa kwenye mizizi au kwenye pindo la suruali. Suruali pana iache nyumbani.

Mawe na lami ndivyo vinavyoyaua. Ncha huwa butu, na pete zinazoungana na mpira hufunguka. Kama njia yako ni nusu barafu nusu mwamba, nunua aina ya vijino vifupi vyenye ncha za kabaidi, yaani kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida. Haziingii ndani sana kwenye barafu, lakini hustahimili mwamba. Ncha butu zinoe kwa tupa ya mkono. Mashine huchemsha chuma na kuondoa ugumu wake.

Baada ya mbio suuza, hasa kama umepita palipomwagwa chumvi, kisha anika mbali na hita. Na kabla ya kutoka tena pitisha kidole kwenye kila pete: iliyoanza kufunguka ibane kwa koleo, kwani ikiachia njiani utarudi na mguu mmoja wenye meno na mwingine kibogoyo.