Tahadhari: winchi ya kujificha nyuma ya bampa inayouzwa kwa stika ya uongo

Ninaandika tahadhari hii kwa ndugu wanaotumia magari ya kazi katika mikoa ya Lindi na Mtwara, hasa wale wanaojiandaa kufunga winchi, yaani mashine ya umeme inayovuta gari lililonasa kwa kamba, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Yuko muuzaji wa mtandaoni anayetangaza seti anayoiita winchi ya kujificha, iliyokamilika, ambayo mteja anaweza kuifunga mwenyewe nyumbani, na vitu vilivyomo ndani ya seti hiyo sivyo anavyovitangaza. Nimelipa shilingi 1,450,000 na mpaka leo sijarudishiwa hata senti. Jina lake siliandiki kwa sababu suala lenyewe liko polisi. Mbinu zake, hata hivyo, nitazieleza zote bila kuficha, kwa kuwa jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja, lakini mbinu hubaki zile zile.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za visima vijijini, na gari langu ni Land Cruiser pikapu. Wanaoifahamu barabara ya vumbi ya Nachingwea kwenda Liwale hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa kazi hii anatafuta winchi. Mvua ikishanyesha siku mbili mfululizo, udongo mweusi hushika magurudumu mpaka kwenye ekseli, na lori moja likinasa katikati ya njia, wote walio nyuma yake hulala hapo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, niliamua kwamba sitaingia msimu mwingine nikiwa na koleo na mbao tu.

Nilitaka winchi ya kujificha kwa sababu ambazo naamini wengi wenu mnazo pia. Winchi ya namna hii hukaa nyuma ya bampa la asili, juu ya bamba la chuma linalofungwa kwa bolti kwenye mikono miwili ya chesisi, na kwa nje huonekana ndoano na mdomo wa kupitishia kamba peke yake. Hulazimiki kununua bampa zito la chuma linaloshusha springi za mbele, na mwizi anayepita usiku haoni kitu cha kufungua. Ni mpango mzuri, na sijaukana hata baada ya haya yaliyonipata. Ila sifa hiyo hiyo ya kujificha ndiyo anayoitumia muuzaji huyu, kwa maana bampa likisharudishwa mahali pake, mteja haoni tena kibati cha maelezo, bolti, bamba wala nyaya, na atakuja kuujua ukweli siku atakapokuwa ndani ya tope, pengine miezi minne baada ya kulipa.

Mawasiliano yetu yalianza kwa adabu kubwa. Aliniita kaka, akaniuliza aina ya gari na uzito wake, akanitumia picha za winchi mpya yenye maandishi ya paundi 12,000, yaani takriban kilo 5,443, akaniambia duka liko Kariakoo. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba uwezo wa winchi usipungue mara moja na nusu ya uzito wote wa gari likiwa na mzigo. Gari langu linaruhusiwa kilo 3,200, kwa hiyo nilihitaji isiyopungua kilo 4,800. Mtu anayekufanyia hesabu kama hiyo humdhanii kuwa tapeli. Aliomba fedha yote kabla ya kutuma mzigo, kwenye namba ya simu ya kawaida na si kwenye lipa namba ya biashara, akisema risiti ya EFD itakuja ndani ya boksi. Mzigo ulifika kwa basi siku ya tatu. Risiti haikuwemo.

Nakiri kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, kwa sababu nilipoona boksi limefika nilifurahi, na badala ya kusimamia risiti nikamwita mpwa wangu, ambaye ni fundi wa magari, tukaanza kufungua shoo (wavu wa mbele wa gari) na bampa uani, nyumbani kwangu Lindi mjini. Bamba lilipokataa kuingia, nilimpigia muuzaji, naye akaniambia tukate bimu inayounganisha mikono ya chesisi kwa mbele, kwamba wateja wake wote hufanya hivyo. Mpwa wangu aliweka grenda chini akasema, "Mjomba, hiki ndicho kinachopokea kishindo gari likigonga. Mimi sikati." Ninamshukuru mpaka leo. Yeyote anayekushauri kukata bimu ya mbele au mikono ya chesisi ili winchi iingie anakuuzia bamba lisilo la gari lako, na kwenye magari yenye mifuko ya hewa ya usalama hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mifuko hiyo hutegemea sehemu ya mbele ibonyee kama ilivyotengenezwa na kiwanda. Tulitoboa bamba upya, likakaa, tukarudisha bampa jioni ya siku ya pili.

Asubuhi yake tulijaribu. Uani kwangu pana mteremko mdogo wenye mwembe mkubwa juu yake. Tuliuzungushia mkanda mpana ili kamba isiumize gome, tukatandika gunia zito juu ya kamba ya chuma ili ikikatika isiruke, nikawasha injini, mpwa akasimama pembeni na rimoti. Gari lilipanda kama mita mbili, kisha winchi ikapunguza mwendo na sauti yake ikawa nzito. Harufu ya mpira unaoungua ilitangulia, halafu moshi mwembamba ukatokea kwenye shoo. Swichi ya kukatia umeme haikuwemo katika seti, hivyo ilitubidi tufungue kichwa cha betri kwa spana, na kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimeshaanza kuyeyuka na kunata kwenye vidole. Huo haukuwa hata mzigo wa kweli, lilikuwa gari tupu kwenye uwanja mkavu.

Tulishusha bampa tena, na safari hii tulikagua kila kitu kwa utulivu. Kwenye mwili wa winchi palikuwa na stika nyeusi inayong'aa yenye maandishi ya paundi 12,000. Pembe yake moja ilikuwa imeinuka kwa joto la mota. Niliivuta kwa ukucha, ikatoka yote kama ganda la kitunguu, na chini yake kilikuwepo kibati cha kiwanda kilichogongwa herufi: paundi 8,000, ambazo ni kilo 3,629. Kibati hakikukwanguliwa wala kufutwa. Aliyeibandika stika alijua kwamba hakuna atakayetazama nyuma ya bampa.

Tuliipeleka winchi kwa jirani yangu mwenye mizani ya kupimia magunia ya ufuta. Karatasi iliyokuja na boksi ilisema kilo 38 pamoja na kamba. Mizani ilisema 26. Kama ningekuwa nimeipima siku ilipofika, ningeujua uongo huu kabla ya kugusa bolti hata moja, na ndiyo maana ninawasihi mpime. Mota yenye nguvu ina shaba na chuma kingi, na stika haiwezi kuuongeza uzito huo.

Kamba ilitangazwa kuwa ya milimita 9.5, ambao ndio unene wa kawaida kwa winchi za uwezo huo, lakini vanie, kipimo cha unene, ilisoma 8. Bamba lililotangazwa kuwa la milimita 6 lilikuwa la 3, na lilikuwa limeshaanza kupinda kwenye matundu mawili ya upande wa dereva. Vichwa vya bolti vilikuwa vitupu, bila alama yoyote, wakati bolti ya kazi kama hii hugongwa 8.8 kichwani.

Jambo la nyaya lazima nilieleze kwa kirefu kwa sababu ndilo lingeweza kuliteketeza gari langu. Winchi ya paundi 12,000 inayotumia betri ya volti 12, ikivuta mzigo wake kamili, hula ampea 400 na zaidi, na kwa umeme mwingi kiasi hicho waya unatakiwa uwe wa shaba tupu, mnene, usiopungua milimita za mraba 35. Nyaya zilizokuja katika seti hii zilionekana nene kwa nje, lakini mpwa alipokata ncha moja kwa kisu, mpira ulikuwa mnene kuliko kilichomo ndani. Alipozikwangua nyuzi zenyewe, rangi ya shaba iliondoka na weupe wa alumini ukatokea. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba yenye unene huo huo, na ikiwa imepunguzwa unene juu ya hapo, waya hugeuka kuwa jiko. Fikirini jiko hilo limefichwa nyuma ya shoo, karibu na rejeta, mahali ambapo hewa haipiti vizuri na jicho halifiki.

Muuzaji anatumia pia jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Uwezo unaoandikwa kwenye winchi ni wa tabaka la kwanza la kamba, lile linalogusa ngoma yenyewe, yaani silinda ambayo kamba huzungushwa juu yake. Kila tabaka linaloongezeka juu yake hupunguza nguvu, na kwenye tabaka la nne nguvu inakuwa imepungua kwa takriban theluthi moja. Winchi yangu ya paundi 8,000, kamba ikiwa imejaa kwenye ngoma, haifiki hata uzito wa gari likiwa na mzigo. Nilipomlalamikia, alinijibu kwamba nimevuta kamba ikiwa fupi na kwamba kosa ni langu. Kanuni aliyoitaja ni ya kweli, lakini aliitaja ili kuifunika stika ya uongo, kwa sababu hata kamba ingekuwa imetolewa yote, paundi 8,000 hazigeuki kuwa 12,000.

Nilimtumia picha za kibati. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba waranti imekufa kwa kuwa nimefunga mwenyewe nyumbani, ilhali tangazo lake linasema kwa herufi kubwa kwamba seti ni ya kufunga nyumbani. Jibu la pili lilikuja kesho yake, kwa upole kuliko la kwanza: angenibadilishia winchi, ila nimtumie kwanza shilingi 180,000 za usafiri na bima ya mzigo. Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize zaidi. Mtu aliyekwisha kupoteza karibu milioni moja na nusu huona laki moja na themanini ni kidogo ikiwa itamrudishia chote, na muuzaji huyu anaujua udhaifu huo. Sikutuma. Baada ya siku mbili alinifungia, picha yake ikatoweka, na tangazo lile lile nikaliona chini ya jina jingine, likiwa na picha zile zile na mkono ule ule uliovaa glavu ya njano.

Nilifungua jalada polisi na nimepewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi. Namba aliyopokelea fedha nimeiripoti kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040, na kwa kampuni ya simu pia. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na bidhaa zenye alama za uongo ni suala la Tume ya Ushindani, kwa hiyo aliyetapeliwa asione aibu wala asiambiwe kwamba hana pa kwenda. Hifadhini mazungumzo yote, muamala, stakabadhi ya basi, na stika yenyewe ikiwa imetoka, msiitupe.

Kwa anayetaka kununua sasa, ninamsihi asilipe fedha yote kabla ya kuuona mzigo, na ikiwa hawezi kusafiri, amtume ndugu aliyeko Dar es Salaam akaukague dukani, aichunguze stika kwa ukucha, aipime winchi kwenye mizani, akwangue ncha ya waya na kusoma vichwa vya bolti. Muuzaji wa kweli hakasiriki kwa ukaguzi huo. Siku ya kufunga, kila kitu kipigwe picha kikiwa bado chini, pawepo swichi ya kukata umeme inayofikika bila kufungua bampa, na mtihani ufanyike kwenye mteremko wa nyumbani kabla bampa halijarudi. Mwenye winchi ndogo asikate tamaa pia: kapi moja likifungwa kwenye mti na kamba ikarudi kwenye gari, nguvu huongezeka karibu mara mbili, ingawa mwendo hupungua kwa nusu.

Wale ambao wameshanunua seti hii na kuifunga, tafadhali msisubiri mvua. Fungueni bampa wiki hii na mwitazame stika. Mkikuta imebandikwa juu ya kibati, ongozaneni na picha zenu kituo cha polisi kilicho karibu nanyi mkafungue jalada, kwa kuwa afisa anayeshughulikia jalada langu ameniambia kwamba walalamikaji wakiwa wengi kwa namba ile ile ya simu, kazi ya kumfikia mwenye namba inakuwa nyepesi. Mpaka ninapoandika, mimi niko peke yangu kwenye jalada hilo.