Darasa la maadili la Jumamosi, Kadutu, Bukavu

Darasa hili la watoto linafaa, hasa kwa namna mwalimu anavyouliza. Anatoa kisa: mtoto mmoja amevunja sahani nyingi kwa bahati mbaya, mwingine amevunja moja akiiba sambaza, samaki wadogo wa ziwani, jikoni. Nani amekosa zaidi? Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi aliandika mwaka 1932 kwamba watoto wadogo hupima ukubwa wa hasara, wakubwa hupima nia. Ndiyo maana mwalimu hakimbilii kusahihisha, anarudia "kwa nini?" mara mbili, tatu, na huo ndio ustadi wenyewe. Kasoro ni kuchanganya wa miaka 5 na wa 11: wadogo wanaiga jibu la wakubwa tu. Wagawanywe. Pipi za zawadi nazo ziondolewe, maana mtoto huanza kutafuta jibu linalolipa.