Gaiole au Montalcino: changarawe ipi ya Toscana?

Barabara nyeupe za changarawe zimeuzunguka mji wa Siena, mkoani Toscana, Italia, pande zote. Kwa mwendesha baiskeli, pa kuanzia pakubwa ni pawili: Gaiole upande wa kaskazini, Montalcino upande wa kusini.

Gaiole ndiko ilikoanzia L'Eroica mwaka 1997, tamasha la baiskeli za zamani, zile za kabla ya 1987. Vilima vyake ni vifupi lakini havina huruma: unashuka, kona, unapanda tena. Afueni ni misitu, maana kivuli hakikosekani hata Julai.

Montalcino umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 500. Ukitelemka asubuhi kwa raha, jioni utalipa kwa jasho, na mashamba ya mizabibu hayana kivuli. Ukielekea Buonconvento unakuta udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, tope hunasa magurudumu. Chukua matairi mapana na gia nyepesi.

Mvinyo? Chianti Classico, wa upande wa Gaiole, huwa na angalau asilimia 80 ya zabibu za Sangiovese, Brunello, wa Montalcino, ni Sangiovese tupu, na bei yake inauma. Onja baada ya kupanda, si kabla.

Mgeni wa changarawe aanzie Gaiole. Montalcino ni kwa wenye miguu imara, tena Mei au Septemba.