Rangi ya silk kwenye chumba cha mtoto: uzoefu wangu

Chumba cha binti yetu tumekikarabati wenyewe, mimi na baba yake, na tangu tumalize kila mgeni anauliza kama rangi ya silk, ile ya maji yenye mng'ao, inastahili bei yake. Jibu langu ni ndiyo, ila kwenye ukuta mkavu tu.

Nyumba yetu iko Temeke, Dar es Salaam, ya miaka ya 1980. Chini ya dirisha rangi ilikuwa imevimba, ukiigusa inabanduka na unga mweupe unamwagika. Hiyo ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini ndani ya matofali yakiwa yamebeba chumvi, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi itoke. Hakuna rangi itakayodumu hapo, hata uinunue kwa bei gani.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, bandika kipande cha nailoni ukutani, kizibe pande zote kwa selotepu, kiache hadi kesho yake. Majimaji yakiwa upande unaotazama ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa nzito tu, fungua madirisha. Wetu ulikuwa unatoka ukutani. Nje kulikuwa na udongo wa bustani umelundikana hadi juu ya msingi; tuliuondoa wote. Ndani tulibomoa lipu mbovu mpaka juu ya mstari wa unyevu, tukapiga mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Mafundi wengi watakushauri uzibe kwa jipsam kwa kuwa inalainisha haraka. Sehemu kavu ni nzuri sana, lakini penye unyevu inalainika na kudondoka. Lipu mpya ya saruji nayo iache ikauke kama wiki 4. Kwa Dar ningeshauri kazi hii ifanyike kipupwe, mvua za masika zikishaisha.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni rangi ya zamani. Nusu ya chini ya kuta ilikuwa na rangi ya mafuta, kama nyumba nyingi za wakati ule, na rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo kwa sababu risasi inadhuru ubongo unaokua. Ukipiga msasa mkavu, vumbi lake linatulia sakafuni, kwenye vidole vya mtoto, kisha mdomoni. Tulimpeleka binti kwa bibi yake, tukavaa barakoa, tukalowesha ukuta na kusugua kwa msasa wa maji, halafu tukapiga deki mara kwa mara. Dukani uliza rangi isiyo na risasi, na usome kopo lenyewe. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha chochote, mwache, nenda duka la pili.

Sasa silk yenyewe. Ni rangi ya maji, harufu yake si kali, na sifa yake kubwa ni kufutika. Binti yangu ana miaka sita na anachora kila mahali. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha, na rangi haitoki. Rangi ya maji ya kawaida iliyokuwa nusu ya juu ya kuta mwanzo, ukiifuta inachujuka na kuacha baka. Kasoro ya silk ni mng'ao wake: kila bonde la ukuta linaonekana jua likiingia kwa ubavu, na ukipaka kiraka baadaye kinajitokeza. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Usikubali ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kuta za mita 3, ukitoa mlango na dirisha, kina kama mita za mraba 35. Lita moja inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubakisha. Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, hesabu peke yake.

Rangi aliichagua binti mwenyewe, kijani cha embe bichi. Tulipaka kipande kikubwa ukutani tukakitazama asubuhi na usiku taa ikiwaka, maana kwenye kikadi cha dukani ilionekana tofauti kabisa.

Kabati tumelifunga ukutani kwa skrubu ndefu, kwa sababu mtoto hupanda droo kama ngazi na kabati likimwangukia ni hatari kubwa. Soketi iliyokuwa nyuma ya kitanda tulitaka ihamishwe, na hiyo hatukuigusa. Tulimwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji), na tulimwita kabla ya lipu mpya, ili asije kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa.