Nakala ya Pissarro kwenye kanvasi, sm 50 kwa 70: udongo umekwenda wapi?

Kabla ya kulipa, chukua futi upime. Mchoro halisi wa Camille Pissarro wa miti ya matunda ikichanua Louveciennes, kijiji cha Ufaransa, ulioko National Gallery of Art mjini Washington, ni wa sm 45 kwa 55. Nakala hii inauzwa sm 50 kwa 70. Ukiutanua mchoro hadi upana wa sm 70, kimo kinatakiwa kiwe sm 57. Mchapaji kazikata sm 7 zilizozidi, na nyingi kazitoa chini. Kwa maneno mengine, kakata shamba.

Kwa mchoraji mwingine ungesema potelea mbali. Huyu, mzaliwa wa kisiwa cha St. Thomas, Karibi, enzi za ukoloni wa Denmark na raia wa Denmark hadi alipofariki mwaka 1903, alihamisha moyo wake wote kwenye vijiji vya Ufaransa, na humo alichora ardhi inayolimwa. Mchoro huu ni wa 1872, alipokuwa amerudi kutoka London alikokwenda kukimbia vita vya Ufaransa na Prussia. Maua meupe yanapendeza, sawa, lakini uzito wa picha uko chini, kwenye udongo uliochimbuliwa.

Weupe umetoka vizuri. Kahawia ndiyo iliyoharibika: imeiva kama tofali, tena rangi moja tupu. Hapo shaka ni mashine ya wino wa rangi nne. Zenye wino 8 au zaidi hutenganisha vivuli vya kahawia na kijivu. Ukisogea karibu, alama za brashi zimeyeyuka kama uji, dalili ya faili dogo.

Dawa ipo, na nafuu. Hakimiliki ilishakwisha, na makumbusho ya Washington yanaruhusu kupakua picha bure. Agiza sm 50 kwa 61. Kwa kanvasi, pikseli 2,950 kwa 3,600 zinatosha; ukitaka makali zaidi, zidisha mara mbili. Mwambie mchapaji aongeze sm 5 kila upande za kukunjia kwenye fremu, azijaze kwa kurudufu kingo kama kwenye kioo, asile picha yenyewe.

Na fremu nayo: hii imepigwa pini tu, kwenye kona za ndani hamna kabari, vile vipande vya mbao vya kuitanua fremu. Msimu wa unyevu kanvasi hulegea ikafanya tumbo, na bila kabari za kugongea huna pa kuikazia.